Siku yangu moja zizini, nikipambana na ugonjwa wa Johne

Saa 11 alfajiri. Ng'ombe anazaa. Mimi ndiye daktari wa mifugo wa kundi hili, na kwenye zizi lenye ugonjwa wa Johne, maambukizi ya bakteria yanayoharibu utumbo, sikosi kuwepo ng'ombe anapozaa kama hakuna dharura kwingine. Chumba cha kuzalia kimetandikwa majani makavu, kiwele kimeoshwa. Ndama anatua, tunamfuta, na kabla hajasimama kutafuta chuchu tunamhamisha. Naelewa wanaoumia wakiona hivyo. Lakini bakteria hawa huwapata zaidi ndama wachanga, kupitia kinyesi, dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) na maziwa, kisha hujificha utumboni miaka 2 hadi 5, pengine zaidi, kabla mnyama hajaanza kuhara.

Saa 12. Dang'a ya kumnywesha ndama inatoka kwa ng'ombe mmoja aliyepimwa akakutwa salama. Kuchanganya ya ng'ombe wengi kwenye ndoo moja nimekataza kabisa: akiwemo mmoja mgonjwa, umewaambukiza ndama wote. Tukiwa na shaka tunaipasha hadi nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 60. Moto ukizidi, kinga iliyomo inaharibika.

Saa 3 asubuhi. Ng'ombe huyu mgonjwa ndiye ananiuma. Anakula vizuri, hana homa, macho yanang'aa, lakini mbavu zote zinahesabika na kinyesi ni uji mtupu. Chini ya taya ana uvimbe laini. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Utumbo umenenepa kuta, protini inapotea, na maji yanajikusanya pale.

"Daktari, hata sindano moja hakuna?" ananiuliza mzee mwenye zizi.

"Hakuna, mzee. Na kila siku anayokaa humu anawaambukiza wengine."

Wanasayansi Johne na Frothingham waliueleza ugonjwa huu kule Dresden mwaka 1895, na mpaka leo hauna tiba. Mzee ananyamaza, kisha anakubali aondolewe. Tunafungua daftari kuwatafuta watoto wake, maana nao wamo hatarini.

Saa 5. Nachukua damu za waliobaki. Kipimo cha damu huwakosa wengi walioambukizwa karibuni, kwa hiyo jibu zuri la leo halimtoi mnyama kwenye orodha, tutarudia. Wenye mashaka nachukua na kinyesi.

Saa 8 mchana, kondoo. Hapa ndipo watu hudanganyika, kwa sababu kondoo mara nyingi haharishi. Hukonda tu, manyoya yakinyonyoka, na mwenye kondoo anaendelea kumnywesha dawa ya minyoo. Wanakondoo tunawachanja. Chanjo hupunguza vifo na bakteria wanaotoka na kinyesi, ila haizuii maambukizi yote. Ina mafuta, na ukijichoma nayo ni hospitali moja kwa moja, kwa hiyo hapa simruhusu mtu afanye haraka. Ng'ombe siwachanji ovyo: chanjo huvuruga kipimo cha kifua kikuu.

Saa 10. Samadi inapelekwa kwenye shamba la mazao, kamwe si kwenye malisho ya ndama, kwani kivulini bakteria hawa waweza kuishi mwaka na zaidi. Mabirika yameinuliwa yasiingie mavi, na sepetu ya zizi la wakubwa haivuki kwenda kwa wadogo.

Saa 12 jioni. Mzee anataka kununua mitamba kuziba pengo. Namwambia asitosheke na cheti cha mtamba mmoja mmoja. Aombe majibu ya vipimo vya kundi zima la muuzaji, na ya miaka iliyopita. Akinyimwa, asinunue.