Tangu lini kufundisha kukawa kosa?

Jumanne, usiku

Leo nimekwama saa nzima kwenye neno moja. Natafsiri maoni ya mhakiki aliyesoma mswada wa hadithi ya watoto. Ameandika kwa Kiingereza kwamba mwisho wa hadithi ni "didactic". Nikaandika haraka: "mwisho unafundisha." Niliporudia kusoma, nikaona nimemgeuza. Yeye analaumu, mimi nimemfanya asifu.

Neno lenyewe halikuzaliwa na ubaya. Asili yake ni Kigiriki, didaktikos, yaani chenye kufaa kufundisha, na Waingereza wanalo tangu karne ya 17. Hadi leo wakisema "didactic poetry" hawajamtukana mtu, wametaja aina ya ushairi tu. Mwenzangu aliyesomea ualimu Bukavu ananiambia kwamba kwa Kifaransa didactique ni somo kabisa la chuoni, la mbinu za kufundisha. Lakini Mwingereza akililenga kwenye riwaya, filamu au namna mtu anavyozungumza, mara nyingi maana yake ni: umeniona mtoto, umenivuta sikio.

Hapo ndipo Kiswahili kiliponigomea, maana kwetu kufundisha si lawama. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, hali yu mgonjwa, alimwita asogee na wino na karatasi apokee wasia. Beti zake nyingi zinafunza, na kwa hilo tunampenda. Nikimpachika neno hili kwa maana ya mhakiki wangu nitakuwa nimemdhulumu. Yule ni mama na mwanawe, sisi wasomaji tumesimama mlangoni tunasikiliza.

Nikaurudia mswada, ukurasa wa mwisho. Kobe, ambaye hadithi nzima alikuwa na hila zake tamu, ghafla anapanda juu ya jiwe na kuwaambia watoto watii wazazi, wapige mswaki, wasome kwa bidii. Hakuna aliyemuuliza. Hapo nikamwelewa mhakiki.

Nimefuta "unafundisha", nimeandika "mwisho unamhubiria msomaji". Kuhubiri nako kuna heshima yake msikitini na kanisani, hilo nimelipima. Lakini mtu akisema "usinihubirie" kila mmoja anajua amechoka. Nimeliacha hivyo.

Kesho asubuhi nitampigia mwandishi simu kabla hajayasoma maoni haya, nimwambie kwanza kwamba kobe wake nampenda.