Nilivyotoboa jabali la Mabatini kwa biti ya kabaidi

Huku milimani Mwanza, nusu ya ngazi za mtu huwa ni jiwe lenyewe. Mama mmoja wa Mabatini aliniita nimfungie reli za chuma ili wajukuu wasiteleze wakati wa mvua, na nguzo zilitakiwa zisimame juu ya jabali, siyo kwenye zege. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameacha vishimo vyenye kina cha ukucha, pembeni vikiwa na mng'ao wa kijivu: chuma cha biti yake kilichobaki kwenye jiwe.

"Mwanangu, mwenzio alisema hili halitoboki."

"Linatoboka mama, ila siyo kwa kila biti."

Ule mng'ao ulinionyesha kwamba alitumia biti ya kutobolea chuma. Mawe yetu ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake kuna kwatsi, ile chembe inayometameta kama kioo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatsi iko daraja la 7. Biti ya chuma hata iwe mpya, hapo inasagika yenyewe. Kabaidi ya tangsteni, ile kitu ngumu inayowekwa kichwani mwa biti za mawe, inakaribia 9. Ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1920 katika kampuni ya taa ya Osram, iliyokuwa ikitafuta kitu kigumu cha kupitishia nyaya za balbu zikivutwa ziwe nyembamba, badala ya almasi. Sisi leo tunaitumia kufungia reli za ngazi.

Dukani huwa siangalii urefu wala rangi ya dhahabu. Naigeuza biti nitazame kichwa. Kile kipande cha kabaidi lazima kiwe kipana kuliko mwili wa biti, la sivyo itabana shimoni. Nakagua mstari kilipounganishwa na chuma. Nikiona kijitundu au kimekaa upande, nairudisha kwenye boksi. Kwa graniti nachagua yenye makali manne ya msalaba, maana ya makali mawili huelekea kukwama ikikuta ufa, au nondo ukiwa kwenye zege. Alama ya PGM ikiwepo ni jambo jema, ni ya Wajerumani wanaothibitisha vipimo vya biti za ukutani. Mkia nachukua wa SDS, ule wenye mifereji unaojifunga wenyewe kwenye drili, na mashine iwe drili inayopiga nyundo kwelikweli. Zile ndogo za kutobolea mbao zenye kitufe cha nyundo zitakutoa jasho bure.

Kazi yenyewe nilianza na biti ya milimita 6 kwa mwendo wa taratibu hadi ikapata mahali pa kukaa, kisha nikaingiza ya 12. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu: wanaegemea mashine kwa kifua. Nyundo ndiyo inayovunja jiwe, mzunguko unatoa unga tu. Ukikandamiza sana, nyundo inakosa nafasi ya kupiga, kichwa kinapata moto, na ile shaba inayoshikilia kabaidi inalegea. Nilikuwa nashuka kidogo, naichomoa biti ikiwa bado inazunguka, unga unamwagika, narudi tena. Unga ukiwa mweupe na mkavu, mambo yanakwenda. Sauti ikigeuka kuwa mlio mwembamba na unga ukakoma, nasimama.

Kijana wangu aliiona biti inatoa moshi akaivuta ndoo. "Fundi, nichovye?" Nikamzuia. Kabaidi ni ngumu lakini inavunjika kirahisi. Ukiitoa kwenye moto ukaitupa kwenye maji baridi inapasuka, na ufa wenyewe huuoni. Tuliiweka juu ya jiwe kivulini, tukaendelea na ya akiba. Kupokezana biti mbili kunasaidia kuliko maji.

Barakoa na miwani hatukuvua. Vumbi la graniti lina silika, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Waulize wachimbaji wa dhahabu wa Geita.

Mashimo nilipuliza kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuingiza bolti za kutanuka, nikayaweka mbali na ukingo wa jiwe, kwa sababu bolti ikitanuka karibu na ukingo inaweza kubandua kipande kizima. Kwenye shimo la mwisho bolti iligoma. Nikapima kichwa cha biti kwa venia, kile kipimo cha taya cha milimita: kimeshuka chini ya 12, wakati biti mpya huzidi hapo kidogo. Nikafungua nyingine. Iliyochoka huwa siitupi, nainoa kwa jiwe la kijani la grinda, maana lile la kijivu la kawaida haliikwangui kabaidi, na baadaye inafaa kwa tofali.

Siku hizi kabla ya kutaja bei nauliza kwanza: ni zege au ni jiwe? Kama ni jiwe, biti zinaandikwa kwenye bili mstari wake peke yake, na fedha yake inatangulia.