Nimerudi Chumba cha Utrasaundi

Ratiba ya mizunguko ya mwaka wa mwisho imetoka, nami nimepangiwa utrasaundi. Wenzangu wamenipa pole, kwa kuwa katika radiolojia, yaani tiba ya kusoma picha za ndani ya mwili, utrasaundi na eksirei za kifua huhesabiwa kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ilhali CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) na MRI (picha za sumaku) ndizo zinazomfanya mtu aonekane ameukaribia ubingwa. Pole zao nimezipokea kwa adabu, ingawa sikuzihitaji. Naandika kabla mzunguko haujaanza ili niyapange mawazo yangu kuhusu mafunzo haya ya MMed, shahada ya uzamili ya udaktari bingwa, na kuhusu chumba ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachomfinyanga daktari wa radiolojia kuliko vyote.

Hapa Tanzania mafunzo haya huchukua miaka 3. Sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza humezwa na anatomia na fizikia ya mionzi, yaani jinsi eksirei zinavyozalishwa, kwa nini mfupa huzizuia na hewa huziacha zipite, na namna ya kumkinga mgonjwa na kujikinga wenyewe. Ndipo unapozoea kuvaa beji ndogo inayorekodi mionzi unayoipata kazini, na kujua kwamba kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukipigiwa hesabu kwa kipindi cha miaka 5. Kisha unazungushwa: kifua, mifupa, tumbo, ubongo, watoto, matiti, dharura, na huku tasnifu ikikusubiri nyumbani kila jioni. MRI niliipenda kiasi. Ni kazi ya subira, na mgonjwa hulala humo muda mrefu kuliko anavyoelezwa.

CT niliifurahia zaidi, na sitajifanya vinginevyo. Katika zamu ya usiku analetwa majeruhi wa bodaboda asiyejitambua, na dakika chache baadaye fuvu lake liko mbele yako, kipande kwa kipande. Damu iliyoganda karibuni hung'aa kuliko ubongo unaoizunguka, kwa sababu katika kipimo cha Hounsfield, kinachopima jinsi kitu kinavyozuia eksirei, na ambacho maji ni 0 na hewa ni -1000, damu hiyo husoma takribani kati ya 50 na 70. Ikiwa imejikusanya kwa umbo la lenzi na kukomea kwenye maungio ya fuvu, iko juu ya utando mgumu wa ubongo. Ikiwa imetandaa kama mwezi mwandamo, iko chini yake. Daktari wa upasuaji amesimama nyuma ya kiti chako, hataki hadithi, anataka kujua ni upande gani na ubongo umesukumwa kiasi gani. Hakuna anayetoka katika usiku wa namna hiyo akiwa mtu yule yule aliyeingia.

Hata hivyo, CT ina jambo linalompa mwanafunzi nafuu ambayo huwa haitambui: picha zote zinabaki. Kama nimesoma usiku nikiwa nimechoka, bingwa atazifungua asubuhi, atazipitia tangu utosini hadi shingoni, na ataliona lile nisiloliona. Katika utrasaundi nafuu hiyo haipo. Picha inayohifadhiwa ni ile tu ambayo mkono wangu uliitafuta na kidole changu kikaamua kuigandisha. Kona ya ini ambayo probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, haikuifikia, kwa sababu mgonjwa hakuvuta pumzi ya kutosha au kwa sababu foleni ya nje ilikuwa ndefu, haimo mahali popote, na asubuhi hakuna bingwa duniani atakayeisoma. Kwa hiyo naona ni ajabu kwamba kipimo kinachotegemea mkono na uamuzi wa mpimaji kuliko vingine vyote ndicho tunachomwachia mwenye uzoefu mdogo kuliko wote.

Tena kuna suala la fomu za maombi. Daktari wa wodini, naye akiwa na wagonjwa wake wa kutosha, huandika "maumivu ya tumbo" na kutia sahihi. Anayesoma CT akiwa chumba kingine hubaki na maneno hayo hayo, lakini mimi ninayepima utrasaundi ninaye mgonjwa mwenyewe, amelala mbele yangu, na anaweza kuulizwa.

Nakumbuka mzee mmoja aliyeletwa baada ya kutapika damu, fomu yake ikiuliza tu kama ini limesinyaa. Nilimwamkia, akaitikia, nikampaka jeli. Bandama ilikuwa kubwa mno, imeshuka hadi karibu na kitovu. Ini lenyewe halikuwa na zile nundunundu nilizozitarajia, ila kuta za matawi ya mshipa unaoliletea damu kutoka kwenye utumbo zilikuwa nene na nyeupe, zikiufuata mshipa kila ulikokwenda.

"Mzee, umekulia wapi?" nilimuuliza huku nikiendelea kupima.

"Ukerewe, mwanangu. Baba alikuwa mvuvi. Utoto wetu wote ulikuwa majini."

Hapo picha na maisha ya mtu vilikutana. Kichocho cha tumbo, ambacho kimezisumbua kwa muda mrefu jamii za Ziwa Victoria, Ukerewe ikiwemo, huacha makovu kandokando ya mishipa hiyo, shinikizo la damu ndani yake likapanda, na mishipa ya koo la chakula ikavimba hadi kupasuka. Tofauti na ini lililosinyaa ni kubwa kwa mgonjwa, maana seli za ini katika kichocho mara nyingi huendelea kufanya kazi yake vizuri, na mtu akidhibitiwa kutokwa damu anaweza kuishi miaka mingi. Niliandika ripoti nikaitaja Ukerewe katika mstari wa kwanza. Ningekuwa nasoma picha zilizopigwa na mtu mwingine, pengine ningeliona kovu lile, lakini kwa uhakika nisingemuuliza mzee alikokulia.

Sura ya pili ya jambo hili niliiona katika fluoroskopia, yaani eksirei zinazoonekana moja kwa moja kwenye skrini, kwenye kipimo cha mirija ya uzazi. Wanawake huja katika siku chache baada ya hedhi kwisha, ili kuwa na hakika kwamba hakuna mimba, na wengi wamesubiri mtoto kwa miaka. Dawa ya kontrasti, inayoonekana wazi kwenye eksirei, inaingizwa, mfuko wa uzazi unajaa na kuonekana kama pembetatu, kisha sote tunatazama skrini kuona kama dawa itapita mirijani na kumwagikia tumboni. Mama aliyelala pale anaijua skrini hiyo inahusu nini. "Daktari, imepita?" Tumefundishwa kwamba majibu kamili hutolewa na daktari aliyemtuma, na sababu zake nazielewa, kwani mirija kuwa wazi si ahadi ya mtoto, na kuziba kwa muda kunaweza kuwa ni mkazo tu wa misuli. Lakini swali limeulizwa hapo, na lazima uso wangu uwe na la kulijibu kabla mdomo haujafunguka. Hakuna mhadhara ulionifundisha hilo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba utrasaundi ingepaswa kufundishwa mara mbili, mwanzoni na tena mwishoni, wakati mwanafunzi ameshaona kwenye CT na MRI kile anachokitafuta kwa probu. Hospitali nyingi za wilaya zinategemea eksirei na utrasaundi, na hata mahali ambapo mashine ya CT imefika, utrasaundi ndiyo inayowahi kwa mama mjamzito anayetokwa damu au kwa kijana aliyepigwa tumboni, kwa kuwa haina mionzi na inaweza kusukumwa hadi kitandani.

Katika mzunguko huu nimeomba pia kukaa na timu ya radiolojia tiba, wanaotibu kwa sindano na mirija wakiongozwa na picha, kwa sababu sindano nyingi wanazoingiza huongozwa na picha ile ile ya utrasaundi. Ninachokitaka zaidi ni kuweka mrija wa kutoa mkojo moja kwa moja kwenye figo, kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi ambayo imebana njia za mkojo hadi figo zikaanza kushindwa. Bingwa amenikubalia, kwa sharti kwamba kwanza nimuonyeshe, kabla sijamgusa mgonjwa, jinsi ninavyoifuata ncha ya sindano kwenye skrini kwa kutumia kipande cha nyama ya kuku kilichozamishwa ndani ya jeli. Nyama nitainunua Jumapili.