Manati ya Ami

Jana alasiri nilipita Kibokoni kumjulia hali ami. Nilimkuta barazani, viganja juu ya magoti, midomo ameifinya kama apulizaye chai ya moto.

"Shikamoo, ami."

"Mara..." akatua kidogo, "...haba."

Siku zote nilidhani mtu wa namna hii hukosa hewa ya kuvuta. Kumbe taabu yake kubwa ni kuitoa. Kliniki walimwambia ni emfisema, maradhi ya mapafu, na mie nikasoma hadi usiku wa manane. Vifuko vya hewa mapafuni vina nyuzi za elastini, ndizo zinazovirudisha vikishajaa. Ni kama mpira wa zile manati alizonichongea utotoni za kuangulia maembe: ukilegea, hata uvute vipi, jiwe laangukia miguuni pako.

Na anayezila nyuzi hizo si mgeni. Seli nyeupe za damu, hizo tunazoziita askari, hubeba kimeng'enya kiitwacho elastesi cha kuulia vijidudu. Kikimwagika ovyo, hutafuna na nyumba yenyewe. Ndiyo maana ini hutengeneza protini ya kukidhibiti, alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963, Laurell na Eriksson wa Malmö, Uswidi, walieleza kuwa wako watu waliopungukiwa nayo, tena tangu kuzaliwa. Baadhi yao mapafu huharibika wangali vijana. Siku hizi wako wanaotiwa protini hiyo kwa dripu, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Ami alipimwa damu, yeye hana upungufu huo. Yake ni pakiti nzima kwa siku, miaka yote ya ukuli Kilindini. Moshi wa sigara huwaita askari kwa wingi, na papo hapo huilemaza protini ya kuwazuia. Ni kufungulia mbwa wote, kisha ukamfunga mikono mchungaji wao. Hapo ndipo nilipokasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Na wewe... bado wavuta?" akaniuliza.

Nikamwambia niliacha Ramadhani. Siku ya Idi nilivuta mbili, hilo sikumwambia.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni, dirisha kalifunga, apepea makaa ya kukaangia mahamri. Moshi nao ni moshi. Nikalibeba jiko hadi uani.

"Kusi yote hii, wataka nile jivu?"

Nikachukua sinia, nikamkingia upepo hadi hamri la mwisho.