Uvimbe wa upande wa kushoto

Kwa miaka miwili ya kutafuta mtoto, mke wangu alipimwa homoni, akapigwa picha ya mirija ya uzazi na kumezeshwa vidonge, faili likiwa na jina lake peke yake, huku mimi nikimsindikiza na kumshikia mkoba. Siku nilipotakiwa nami kupimwa manii ndipo ilipobainika kwamba mbegu zangu zilikuwa milioni 6 kwa mililita, ilhali kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16, na nyingi kati ya hizo chache zilikuwa zikijikokota.

Daktari hakunilaza kitandani. Alinisimamisha, akaniambia nivute pumzi, niizuie na kujikaza tumbo, kisha akapapasa juu ya korodani ya kushoto. Nilipojigusa mwenyewe nilihisi kama fundo la minyoo laini likijaa chini ya vidole; nilipolala, likanywea.

Hiyo ndiyo varikosili. Vena zinazotoa damu kwenye korodani hutanuka kwa sababu vali zake, yaani vilango vidogo vya ndani, hazizuii tena damu kurudi chini. Hutokea zaidi kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo huingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, ilhali ya kulia huingia kwa mshazari kwenye vena kuu. (Ikijitokeza ghafla kulia peke yake, daktari huchunguza tumbo na figo kwanza.) Korodani huning'inia nje ili zipate ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na damu yenye joto inayotuama hapo huziharibia kazi.

Si kila mwenye hali hii ni mgumba, na hili nalisisitiza. Takriban wanaume 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wana watoto. Upasuaji hupendekezwa pale uvimbe unapogusika kwa mkono, manii yana kasoro na wenzi wanatafuta mtoto. Unaoonekana kwa ultrasaundi tu kwa kawaida huachwa.

Mimi nilifungwa vena hizo kupitia mkato mdogo kwenye kinena, kwa kutumia hadubini ili ateri na mirija ya limfu visijeruhiwe, nikarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kilichonichosha ni kusubiri: mbegu huchukua karibu siku 74 kutengenezwa, hivyo anayepima baada ya mwezi mmoja anapima mbegu za zamani. Kipimo cha miezi mitatu kilisoma milioni 11, cha miezi sita milioni 19. Mimba bado haijaingia. Faili sasa lina majina yetu mawili, na miadi ijayo ni yangu.