Viwavi wa Mlimau

Leo asubuhi nimekaa kigodani kando ya mlimau hadi chai ikapoa. Mti wenyewe haunifiki begani. Niliupanda kwenye pipa lililokatwa, hapa Kahawa West, Nairobi, kati ya ukuta wa ploti na kamba ya nguo.

Mwezi uliopita niliona kinyesi cha ndege kwenye jani. Nikachukua kitambaa nikipanguse. Kinyesi kikajikunja.

Kumbe ni kiwavi! Akiwa mchanga huwa wa kahawia mwenye mabaka meupe, na ndege humpita akidhani ni uchafu. Akishajivua ngozi mara kadhaa huwa wa kijani, humtofautishi na jani. Leo nimemgusa mmoja kwa kijiti. Papo hapo, nyuma ya kichwa, zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimelowa, na harufu kali ikanipanda puani. Kisha zikarudi ndani polepole. Nimejuta kumsumbua.

Mama alipokuja Jumapili alishika kiuno. "Mwanangu, huu mti utabaki vijiti. Nunua dawa."

"Mama, walikuwa wanane. Sasa wamebaki watatu."

Watano wameliwa, nadhani na ndege au nyigu. Sipendi, lakini dawa sitanunua. Mwaka jana nilipulizia sukuma wiki kwa ajili ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Vidukari walirudi upesi. Wadudu waliokuwa wakiwala vidukari hawakurudi. Msimu huu nimeacha, na chini ya majani naona vidukari waliovimba, wakavu, rangi ya ngano, kila mmoja na tundu la duara mgongoni. Hapo ametokea nyigu mdogo kama punje ya ufuta: mama yake alitaga yai ndani ya kidukari, buu likamla akabaki ganda. Nimeyahesabu maganda 31 kwenye jani moja.

Jioni hii kiwavi mkubwa kuliko wote ameacha kula. Ameshikilia tawi kwa mkia na kujizungushia uzi wa hariri kifuani, kama fundi wa stima aliyejifunga mkanda kwenye nguzo. Akijaliwa atatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano.

Tawi hilo limekaribia nguo, na upepo wa hapa hauna adabu. Nimehamisha kamba.