Masharti ya Kukhu: likizo yetu ya majini kutoka Kisumu hadi Mfangano

Watu wengi wakisikia likizo ya meli hufikiria zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa, zenye ghorofa nyingi na bwawa la kuogelea juu kabisa. Wifi yangu anaishi huko, na alipotutumia picha ya mojawapo watoto hawakunipa amani tena. Niliuliza bei, nikaizidisha kwa watu sita, nikaweka simu chini. Mume wangu ndiye aliyesema, tukiwa mezani hapa Nakuru, kwamba Ziwa Victoria tunalo, feri ipo, boti zipo na visiwa vipo. Tujipangie safari yetu wenyewe likizo ya Agosti, vipande vipande, tuanzie Kisumu na tuishie kisiwa cha Mfangano.

Kilichobaki ni kumshawishi mama mkwe. Watoto humwita kukhu. Ni mtu wa Butere, wa miwa na mahindi, na ziwa amelitazama miaka yote akiwa amekanyaga lami ya Kisumu mjini. "Mwanangu, mimi sikuzaliwa ndani ya mtumbwi," aliniambia kwa simu. Nilipomsukuma kidogo akaanza kunihesabia meli zilizozama ziwani. MV Bukoba, Mei 1996, karibu na Mwanza: majirani walijaa kwake kusikiliza redio. MV Nyerere, Septemba 2018, ilipinduka ikiwa imebakisha hatua chache kufika Ukara, watu wakiiona kutoka nchi kavu. "Zote mbili zilijaza watu kupita kiasi, mama watoto. Maji yalimalizia tu."

Sikubishana naye. Mtu mwenye hofu ya maji ukimwambia "usiogope" unapoteza pumzi yako. Tulimwomba aseme yeye mwenyewe angepanda kwa masharti gani. Akatoa matatu. Kila mtu avae jaketi la kuelea linalomtosha, naye akiwemo. Chombo kikijaa, tunashuka hata kama nauli imelipwa. Na hakuna kuwa majini baada ya chakula cha mchana. Mume wangu aliyaandika kwenye karatasi, na safari yote tukaipanga kwa karatasi hiyo. Ukiwa na mzee au mtoto mwoga nyumbani, mpe kalamu kabla hujalipia chochote.

Sharti la tatu ndilo lililotufaa zaidi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka bara kwenda ziwani na huwa mwepesi. Jua likipanda, bara hushika joto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Kufikia saa nane au saa tisa mchana, Ghuba ya Winam iliyokuwa imetulia asubuhi huwa na mawimbi ya kumwinua mtu kwenye benchi. Radi nazo hupenda kulipigia ziwa hili usiku. Wavuvi wanaishi kwa saa hizo: wa omena hutoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri. Nasi tukachukua kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi kuwa saa zetu za maji. Alasiri ikawa ya kula, kulala na kutembea.

Hatukuanza na feri. Tulianzia Dunga, ufuo wa wavuvi ulio karibu na mji wa Kisumu, ambako boti ndogo za injini huwazungusha wageni kuona ndege na viboko. Nia yangu ilikuwa moja tu: kukhu aonje maji kidogo, mahali ambapo akisema basi tunageuza na kurudi. Nilimkalisha katikati ya boti, akitazama mbele, kwa sababu katikati ndiko kunakotikisika kidogo. Nahodha alikuwa kijana mpole. Alimwambia, "Mama, ukitaka nipunguze mwendo, inua tu mkono." Aliuinua mara nyingi mwanzoni, bila sababu, nadhani kuona kama kweli anasikilizwa. Kijana alipunguza kila mara. Viboko tuliwaona kwa mbali, na kwa mbali ndiko kunakofaa. Kiboko akishtuka anaweza kupindua boti.

Dunga ndiko nilikojifunza habari ya majaketi. Ukimvika mtoto wa miaka minne jaketi la mtu mzima umemvika pambo. Jaribio lake ni rahisi: mfunge kamba zote, kisha mshike jaketi mabegani umvute juu. Likipanda hadi masikioni, akianguka majini litamtoka kichwani. Kitinda mimba wetu lilimpanda hadi machoni. Tulimtafutia dukani la saizi yake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na hilo tulilibeba safari nzima. Kati ya vyote tulivyonunua kwa ajili ya safari hii, ndicho pekee ambacho ningenunua tena kwa bei maradufu.

Jambo jingine la Kisumu ni gugumaji. Lilivamia ziwa hili karibu na mwaka wa 1990 na halijaondoka. Huhama tu kwa upepo. Jioni unaweza kuona maji wazi, asubuhi ukaamkia shamba la kijani hadi upeo wa macho, na boti ikiingia humo panga za injini hunaswa. Piga simu asubuhi hiyohiyo, kabla ya kuwatoa watoto kitandani. Habari za jana hazikusaidii.

Kutoka Kisumu tulipita Kisian, Holo, hadi Ndori, tukakata kushoto kwenda Luanda Kotieno, kaunti ya Siaya. Huko ndiko feri ya magari huvukia kwenda Mbita, upande wa Homa Bay. Fika mapema. Nafasi za magari ni chache na foleni haijali kwamba una mtoto anayelia. Gari hulipiwa kwa ukubwa wake na abiria kwa kichwa. Dereva hupanda na gari, nasi wengine tulipanda kwa miguu, na nilipenda hivyo, maana kukhu alipata kuhesabu watu kwa macho yake.

Alihesabu kweli. Kisha akamwuliza mhudumu wa feri, "Baba, hiki chombo kinabeba wangapi?" Yule bwana akamwonyesha maandishi ukutani. Kukhu akayasoma pole pole, akageuka akatazama watu, akakaa. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza swali lile kila nipandapo chombo, na sijawahi kuona mtu akikasirika kwa kuulizwa.

Kuvuka kwenyewe huchukua kama saa moja. Upande mmoja unaiacha Siaya, mbele unaona vilima vya Mbita na Rusinga, na mitumbwi yenye tanga inapita karibu kiasi cha kupungiana mikono. Binti yetu mkubwa alikuwa ameinamia simu, akaanza kusikia kichefuchefu. Dawa ilikuwa kuinua macho: tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, na uketi penye upepo. Kukhu akamtafunisha tangawizi. Asubuhi tulikuwa tumekunywa uji na mkate tu. Mandazi ya mafuta hayasafiri vizuri majini. Kama mtoto wako hutapika hata ndani ya matatu, zungumza na mtu wa duka la dawa kabla ya safari, umtajie umri wake, kwani dawa nyingi za kichefuchefu huleta usingizi.

Mbita imeungana na kisiwa cha Rusinga kwa daraja, kwa hiyo gari linaendelea tu. Tulilala Rusinga. Mwanangu wa darasa la nne alitaka kuona mahali Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Kukhu alitaka kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa wa enzi za uhuru. Jengo lililo juu ya kaburi lina umbo la risasi, na watoto waliuliza kwa nini kabla hatujafika mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kueleza: safari za ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya vyuoni Marekani kuanzia 1959, halafu Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, alipouawa kwa risasi jijini Nairobi. Kukhu alinikatiza. Mwaka huo alikuwa msichana wa shule. Aliwasimulia jinsi mwalimu wao alivyoingia darasani Jumatatu akasimama tu mbele ya ubao, asifundishe. Mimi nimekuwa katika ukoo huu miaka mingi na sikuwahi kulisikia hilo. Tulikaa pale mpaka mlinzi akaja kutuuliza kama tuko sawa.

Joto la Rusinga alasiri si mchezo, na watoto wakiona maji wanataka kuingia. Hapa nilikuwa mkali. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, hasa penye majani na matete, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi kitu. Kujifuta haraka na taulo si kinga ya kutegemea. Hoteli yetu ilikuwa na bwawa dogo lenye maji ya kisima, na ndiyo sababu niliichagua. Chumba chenyewe kilikuwa cha kawaida sana. Kama mtu wa kwenu alishaingia ziwani, usimgombeze. Mpeleke hospitali baada ya wiki kadhaa apimwe, useme alikuwa wapi. Dawa yake ipo na inatibu.

Kuna pia wadudu wadogo wa ziwani. Jioni moja waliinuka juu ya maji kama moshi wa jiko la kuni, tukadhani kuna kitu kinaungua. Hawaumi, lakini wanafuata taa. Zima taa ya nje, funga madirisha, na usiache chakula wazi.

Sharti la pili la kukhu lilipata kazi Mbita, asubuhi tuliyotaka kwenda Mfangano. Boti za abiria huko ni za mbao, ndefu, zenye injini nyuma, na hubeba pia magunia, kuku, magodoro, soda. Tuliketi, tukavaa majaketi. Watu wakazidi kuingia. Kukhu hakusema neno, alinitazama tu. Nikasimama, nikawashika watoto mikono, tukashuka. Mume wangu alifuata nyuma akiona aibu, maana nauli ilikuwa imeshalipwa na abiria walikuwa wanacheka. Kijana wa boti aliturudishia nusu. Tulikunywa chai kwenye kibanda, tukazungumza na familia nyingine iliyokuwa ikienda upande huohuo, tukachanga tukakodi boti ndogo pamoja. Ilitugharimu zaidi, lakini tulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu na tulifika Sena kabla upepo haujageuka.

Mfangano ndipo pale ningependa kurudi hata kesho. Ni kisiwa cha mlima, cha Wasuba, na kina michoro ya miambani ambayo wenyeji wanasema ni ya watu wadogo wawindaji, Watwa, walioishi huko kabla yao. Tulipanda Kwitone na kijana mwongozaji kutoka jumba la makumbusho la jamii. Michoro ni miduara ndani ya miduara, myekundu na myeupe, na zamani watu walipanda huko kuomba mvua. Kupanda kunachosha: vaeni viatu vilivyofungwa, bebeni maji ya kutosha, na mzee asilazimishwe. Kukhu alibaki chini na mama mmoja aliyekuwa akianika omena kwenye nyavu. Tuliporudi tulimkuta naye anageuza omena, wanabishana kuhusu bei ya unga.

Tulilala huko. Mpango wa kwenda na kurudi siku moja unawezekana, ila unakurudisha majini alasiri, na karatasi ilikataza. Beba pesa taslimu hata kama umezoea kulipa kwa simu; mtandao ukikataa, mwenye kuuza ngege, samaki wa hapa, wa kukaanga hawezi kukukopesha. Beba kofia za kamba, maana jua linapiga kutoka juu na tena kutoka kwenye maji. Simu na vitambulisho vyetu tuliviweka kwenye mifuko ya plastiki inayofungwa, ndani ya mkoba wa kukhu, ambao hakuna mtu aliyethubutu kuugusa.

Kurudi Nakuru hatukuvuka tena kwa feri. Watoto walikuwa wamechoka kusubiri, na kutoka Mbita lami inakupeleka Homa Bay, Kendu Bay na Katito bila foleni. Karibu na Kendu Bay tulisimama Simbi Nyaima, ziwa la shimo lenye maji ya kijani ambako flamingo huja. Hadithi yake inajulikana: kikongwe mgeni alifika kijijini penye sherehe, wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamhurumia, mvua ikaja usiku na kijiji kizima kikazama. Mwanangu aliuliza kama ni kweli. Kukhu alitazama maji kwa muda.

"Wangempa ugali tu," akasema, akarudi garini.

Tulipita Ahero kabla ya giza, tukalala Kericho kwa sababu ya ukungu wa Mau Summit, na Nakuru tukaingia kesho yake mchana.